Mji Unaonjwa Barabarani: Kabla Uote Taipei, Kula Eldoret Kwanza

Leo ni maneno ya tumbo. Kama hujakula, kula kwanza ndio usome, ju hii itakutesa.

Swali la kwanza: wiki hii umeangalia video ngapi za watu wakikula barabarani huko Taiwan? Usinidanganye. Unazijua. Jamaa ana mkoba mgongoni, anaingia soko la usiku la Shilin ama Raohe pale Taipei, taa zimewaka kila mahali, moshi unapanda, mama mmoja anageuza mayai yenye chaza kwa kikaango kikubwa kama cha harusi. Wewe uko kitandani Langas ama Kapsoya, ni saa sita usiku, bando inaisha, na mate yanakutoka.

Mimi pia naziangalia, na sina ubaya nazo. Lakini siku moja jaribu kuangalia vizuri hicho wanachokula. Kuna tofu, ile inatengenezwa na soya, imechachushwa mpaka inanuka. Na hawafichi: jina lake kwa lugha yao ni tofu inayonuka. Kuna keki ya damu ya nguruwe iliyochanganywa na mchele wa kunata, inadungwa kijiti, inaviringishwa kwa unga wa njugu na kunyunyiziwa dania. Kuna ile chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi chini ya kikombe, ambayo Taiwan waliianzisha miaka ya 1980 na sasa inauzwa mpaka Ulaya na Marekani. Vile vidonge vinatengenezwa na wanga wa muhogo. Muhogo, mse. Ule wa nyanya yako.

Sasa leta hiyo orodha nyumbani. Kitu kimechachushwa na kina harufu yake? Tuna mursik. Damu na nyama zimekorogwa pamoja na viungo? Tuna mutura. Muhogo? Uko sokoni, umewekwa kando ya viazi vitamu, na hakuna mtu anaupiga picha.

Kwa hivyo kinachofanya ya Taipei ionekane safari na yetu ionekane njaa si chakula. Vyakula ni ndugu. Kinachotofautiana ni vile wenyeji wanakibeba: kama wanakionyesha mgeni kwa kifua mbele, ama wanampitisha haraka hapo kibandani wakielekea kwa moli. Mimi naamini mji hauonjwi kwenye moli. Mji unaonjwa barabarani. Na ukificha chakula cha barabara yako, mgeni ataondoka akisema hapo hakuna kitu, na atakuwa anasema alichoonyeshwa.

Nitawaelezea vile nilizungusha mgeni mmoja hapa kwetu.

Siku moja ya kula Sisibo

Agosti alinitembelea rafiki yangu wa Mombasa, tulijuana chuoni. Ameshuka kwa basi asubuhi, amevaa tisheti. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na Agosti ni mvua, kwa hivyo kitu cha kwanza alikula hapa ilikuwa baridi. Cha pili, akaniambia maneno aliyopewa na watu wake kabla asafiri: "Wameniambia huku hamna chakula, ni chipsi na kuku tu, halafu mwanariadha anapita mbio."

Nikamwambia, ndugu yangu, leo hatuingii mahali pana menyu ya plastiki.

Tukaanza na kibanda cha chai karibu na steji. Hapa kwetu chai ni maziwa yaliyosalimiwa na maji kidogo. Uasin Gishu ni kaunti ya ng'ombe na mahindi, kwa hivyo maziwa hayapimwi na kijiko. Unapewa kikombe kizito, moto mpaka unakishika na vidole viwili, na mandazi mawili ama chapati. Kwa meza hiyo hiyo kuna watu wa boda, kuna mwalimu, kuna dereva wa lori anaenda Malaba. Rafiki yangu akamega mandazi, akatafuna polepole kama mtu anahesabu.

"Nzuri," akasema, "lakini haina iliki."

Mathe wa kibanda akamsikia. Akamjibu bila kugeuka: "Iliki ni ya kwenu Pwani, mwanangu. Huku maziwa ndiyo iliki yetu. Nikuongeze?"

Aliongezwa. Na hapo tayari alikuwa amejifunza kitu kuhusu Eldoret ambacho hoteli kubwa haiwezi kumfundisha, kwa sababu hoteli kubwa inajaribu kufanana na hoteli kubwa nyingine. Kibanda kinapika kile kiko karibu. Pwani kuna minazi, kwa hivyo mahamri yana tui na iliki, na mbaazi zinaogelea kwa nazi. Hapa kuna ng'ombe. Ukionja vizuri, unaonja ardhi.

Saa saba mchana tukaenda kwa hoteli ya kienyeji, zile za mabati na mabenchi, mahali unaoshwa mikono na jagi kabla ukae. Nilikuwa nimemfundisha salamu njiani. Akaingia na kusema "Chamgei" kwa sauti ya Pwani, na wazee wawili kwa kona wakacheka na kumjibu "Chamgei mising." Salamu moja tu, na mgeni tayari ako na kiti.

Tukaletewa kimyet, yaani ugali, ule mgumu wa huku ambao ukibonyeza kidole hautetemeki. Kando yake mboga ya kienyeji, saga na managu. Kama wewe ni wa kununua sukuma kila siku, hebu nisikize. Hizi mboga zina uchungu wake, na Wakalenjin hawauogopi. Wanazichemsha, wanazipika na maziwa ama malai, wanaziacha, wanazirudisha tena kwa moto, na kila mara uchungu unapungua na utamu unaingia. Mboga ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Hiyo ni sayansi ya jikoni, na mwenye kuijua ni nyanya yako.

Halafu mursik. Kwa wenye hawajui: ni maziwa yamechemshwa, yakapoa, yakamiminwa ndani ya kibuyu kinachoitwa sotet. Kabla ya hapo, kibuyu kimesuguliwa ndani na makaa ya mti maalum mpaka kikawa cheusi na kikashika harufu ya moshi. Maziwa yanakaa humo siku kadhaa yakichacha. Yakitoka, yana rangi ya kijivu kidogo, kama mawingu ya Julai hapa kwetu. Makaa hayo si uchafu. Yanatoa ladha, na wazee watakwambia ndiyo yanasaidia maziwa yasiharibike. Ndiyo hiyo unaona wanariadha wakinyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali. Ni mapokezi ya heshima, mtu anaambiwa: umefika nyumbani.

Rafiki yangu alinusa. Akaniangalia. Akanywa mafundo mawili.

"Ni kama mtindi uliokaa karibu na moto," akasema.

Sikumjibu. Alimaliza kikombe, na bila kusema neno akakisukuma mbele kiongezwe. Kwangu hiyo ndiyo nyota tano.

Alasiri ilikuwa ya mahindi choma. Agosti mahindi mabichi yameanza kukomaa mashambani, na kando ya barabara kila mtu ana jiko na kipande cha bati cha kupepea. Unachagua hindi lako, unaulizwa laini ama gumu, linageuzwa mpaka linapata madoa meusi, halafu linasuguliwa ndimu iliyochovywa kwa pilipili na chumvi. Hapo mtu wa Mombasa alijisikia nyumbani, kwa sababu ndimu na pilipili ni lugha yake. Tulitembea tukitafuna mpaka mto Sosiani.

Jioni ndiyo barabara inaamka kabisa. Kuanzia saa kumi na moja troli za smoki zinatoka. Unasema "pasua," inapasuliwa, inajazwa kachumbari. Ukiongeza chapati inakuwa smocha. Kuna mayai boilo, kuna bajia, kuna viazi. Na kuna mutura.

Kama hujui mutura, ni utumbo umeoshwa, umejazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dania na pilipili, ukachemshwa halafu ukachomwa polepole kwa makaa. Unakatiwa kwa ubao, unaekewa chumvi kando, unakula ukiwa umesimama, na kikombe cha supu ya mifupa kinapita. Hakuna viti. Mutura hauliwi ukiwa umekaa.

Rafiki yangu akauliza, "Ndani kuna nini?" Nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Damu mimi hapana, kwangu ni haramu." Jamaa wa mutura akaitika tu, "Hakuna neno, bro," akamwelekeza kwa mathe wa bajia upande wa pili. Mimi nikala yangu, yeye akala zake, tukakutana katikati na supu yangu na chai yake.

Naweka hii hapa makusudi. Kuna video nyingi sana za watu wakikula vitu vya ajabu ili tuone kama watatapika. Kula barabarani kumekuwa mashindano ya ujasiri. Mimi sitaki hiyo. Kuuliza kuna nini ndani si matusi. Kukataa kwa adabu si kudharau. Mwenye kudharau ni yule anakunja uso mbele ya kamera akicheza na chakula ambacho mtu mwingine anakula kila siku na watoto wake.

Kila kibanda kina safari yake

Kitu kingine. Tukisema "chakula cha kienyeji" tunafikiri ni kitu kimelala hapo tangu dunia iumbwe. Hapana. Barabara ya Eldoret imejaa wasafiri.

Mahindi yenyewe ni mgeni, yalitoka bara la Amerika yakavuka bahari miaka mingi iliyopita. Chapati ilikuja na Wahindi. Sambusa na bajia vilevile, kupitia Pwani. Mutura ni wa Wakikuyu. Mursik na kimyet ni za Wakalenjin. Samaki unayemwona amekaangwa akawa wa dhahabu alitoka ziwani, na mara nyingi mwenye kujua kumpika ni Mjaluo ama Mluhya. Na mji wenyewe? Wazee bado wanauita Sisibo. Hiyo ni "sixty-four" kwa ulimi wa wenyeji, kwa sababu posta ya wakoloni ilijengwa kwenye shamba namba 64. Reli ikafika mwaka 1924. Tangu hapo watu hawajaacha kushuka hapa na sufuria zao.

Sasa niseme kitu kigumu kidogo. Eldoret inajua mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa watoto ama hatukuwa tumezaliwa, lakini kila nyumba ina hadithi yake, na kuna majina ya mitaa ambayo watu wazima wakiyataja wanapunguza sauti. Sidai kwamba chapati inaleta amani. Ingekuwa rahisi hivyo, tungekuwa tumemaliza kitambo. Lakini nenda kwa ubao wa mutura saa moja jioni uhesabu. Mkalenjin amesimama bega kwa bega na Mkikuyu, anangoja Mluhya amalize chumvi. Hakuna mtu anauliza jina la pili. Swali ni moja tu: "Ya ngapi?" Ukivunja huo ubao, unavunja moja ya sehemu chache mjini ambapo tunasimama hivyo bila kualikwa na mtu.

Majirani wameamka mbele yetu

Ukipanda basi hapa usiku, asubuhi uko Kampala. Nimeenda. Na kitu cha kwanza kila mtu atakwambia ukishuka ni "umekula rolex?" Si saa, ni chapati. Mayai yanakaangwa na nyanya, kabichi na kitunguu, yanalazwa juu ya chapati, inaviringishwa, unapewa. Jina lilitoka kwa Kiingereza cha mayai yaliyoviringishwa, kikasemwa haraka haraka mpaka kikawa jina la saa ya matajiri. Ni chakula cha wanafunzi na watu wa boda. Lakini Waganda hawakukionea aibu. Mwaka 2016 walikifanyia tamasha kabisa pale Kampala, na watu wa utalii wakaanza kukitaja kwa wageni pamoja na sokwe na chanzo cha Nile.

Sasa niambie: sisi tuna chapati, tuna mayai, tuna kachumbari, na juu ya hayo tuna smoki. Smocha ni binamu wa rolex toka nitoke. Tamasha letu liko wapi?

Zanzibar nao wana Forodhani. Ile bustani ya mbele ya bahari ilikarabatiwa ikafunguliwa tena mwaka 2009, na jioni wauzaji wako pale: urojo, mishkaki, juisi ya miwa inakamuliwa ukiona, na ile "pizza" ya Zanzibar ambayo Mtaliano akiiona ataitisha mkutano. Mtalii anashuka kwa ndege na tayari jina Forodhani analijua. Mombasa, pale Mama Ngina, familia nzima zinatoka jioni kula muhogo wa kukaanga na pilipili, wakishushia na madafu. Hakuna mtu pale anafikiri muhogo ni wa shida.

Ukienda mbali zaidi, Singapore waliamua kitambo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mpaka katikati ya 1980 walitoa wauzaji wa chakula barabarani, lakini waliwajengea mahali: meza, maji ya mfereji, mitaro, paa. Mwaka 2020 UNESCO wakaweka utamaduni huo wa vibanda kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Na Taipei? Kitabu cha Michelin, kile kinachopatia mikahawa nyota, kilipotoa toleo la kwanza la mji huo mwaka 2018, kilitaja pia vibanda vya masoko ya usiku. Vibanda, wasee. Mtu na jiko lake.

Na kabla useme "hao ni hao," Kenya yenyewe pia imetambuliwa na UNESCO. Desemba 2021 waliitambua kazi ya nchi yetu ya kuokoa vyakula vya kiasili kama mfano mzuri wa kulinda urithi. Hiyo kazi ilianza 2007, baada ya watu kuona kwamba mboga zetu zinapotea na watoto wanazionea aibu, na mimea karibu 850 ya kienyeji ikaandikwa na majina yake. Saga na managu ulizoona kwa sahani ya rafiki yangu ni za ukoo huo. Dunia imetupigia makofi. Sisi ndio bado hatujasikia.

Jiji limefika, kibanda kiende wapi?

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya jiji. Ya tano Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Tulifurahi, tukapiga picha, na tuko na haki ya kufurahi. Lakini kila mtu anayejua miji anajua nini hufuata: usafi, mpangilio, barabara pana, na siku moja asubuhi vibanda havipo.

Yule mathe wa chai na mandazi, nimemjua tangu nikiwa sekondari. Amelea watoto watatu na hilo jiko. Ameniambia amehamishwa mara tatu, na kila mara anaanza upya kutafuta wateja, kwa sababu mteja wa kibanda hana anwani, anajua tu kona. Nilimuuliza anaonaje hii maneno ya jiji. Nilidhani atalalamika. Akasema:

"Mimi sikatai kuhama, mwanangu. Nataka tu kujua naenda wapi, na kama kuna maji."

Nimefikiria hiyo sentensi mara nyingi. Ndani yake kuna mpango mzima wa jiji. Hakuomba msaada wala mkopo. Ameomba apajue, na awe na mfereji.

Tuseme pia ukweli upande wa pili. Watu wanaoogopa kibanda hawajakosea kila kitu. Kipindupindu si hadithi. Maji machafu yanaua. Mtu akiosha vikombe ishirini kwa beseni moja, hiyo ni shida, na mimi sitakula hapo. Lakini angalia shida iko wapi. Si kwamba mathe ni mchafu. Ni kwamba mfereji wa karibu uko mbali na kila mtungi wa maji anaununua. Mpatie maji, mahali pa kumwaga taka, taa na choo, halafu mpime kwa haki. Soko la usiku la Taipei lisingekuwa kitu bila umeme na maji. Zile taa unazipenda kwa simu yako, kuna mtu alizivuta waya.

Ndiyo maana naona tunahitaji kitu kimoja rahisi: barabara moja katikati ya jiji, ifungwe magari kuanzia saa kumi na moja jioni, hata kama ni Ijumaa na Jumamosi tu. Taa. Mifereji. Mapipa. Mutura upande huu, samaki upande ule, mursik kwa vibuyu, smoki, mahindi, chai. Wanariadha kutoka nchi nyingi wanakuja Iten kufanya mazoezi, na Iten ni karibu tu hapa. Wakishuka mjini wikendi tunawapeleka wapi? Kula pizza?

Sheria zangu za kula barabarani

Hizi natumia Eldoret, Kampala, Mombasa, na siku nikifika Taipei nitatumia hizo hizo.

1. Fuata foleni ya wenyeji. Mahali watu wa boda na wa soko wamejaa, chakula hakilali. Mahali pako tupu saa ya lunchi, jiulize.

2. Kula kinachotoka kwa moto mbele yako. Kachumbari ya asubuhi saa mbili usiku, achana nayo.

3. Angalia maji kabla uangalie nyama. Vikombe vinaoshwa wapi? Mikono je? Huhitaji kusema kitu, macho yanatosha.

4. Salimia kwanza, kwa lugha ya hapo. "Chamgei" na "kongoi" zitakupatia nyama zaidi kuliko pesa.

5. Uliza kabla utoe simu. Huyo ni mtu ako kazini, si mapambo ya video yako. Akikataa, amekataa. Akikubali, taja mahali ako ndio wengine wamfikie.

6. Lipa bei kamili. Kuna watu wana wafuasi elfu kumi na wanaomba smoki ya bure "nikutangaze." Hiyo smoki ndiyo faida yake ya saa nzima.

7. Kila safari, kula angalau kitu kimoja ambacho hakipatikani kwenu. Chipsi na kuku watakungoja nyumbani, hawaendi popote.

Rafiki yangu aliondoka Jumapili jioni. Alibeba mursik kwa chupa, ameifunga na mifuko mitatu ya karatasi ndio isimwagike kwa basi, na nyanya yake Mombasa akaionja. Nimeambiwa alisema inakosa sukari. Siwezi kubishana na nyanya wa mtu.

Lakini yule jamaa sasa akiulizwa Eldoret kuna nini, ana jibu, na jibu lake halianzi na "chipsi."

Kwa hivyo wikendi hii, ukipata mgeni, usimpeleke kwa moli kwanza. Mpeleke kwa mathe wako, yule unajua kona yake. Muagizie, mwelezee kuna nini ndani, mwache achague. Halafu andika hapa chini: ni kibanda gani, mtaa gani, na ni kitu gani lazima mtu aonje kabla aondoke Sisibo. Nataka hiyo orodha iwe ndefu kiasi kwamba siku watu wa mipango wakikaa kuchora jiji, hawatasema hawakujua vibanda viko wapi.

Mimi Ijumaa saa moja niko kwa ubao wa mutura. Chumvi iko kando. Kuja umesimama.